Njia ndefu ya uwakili, njia fupi ya mwongo

Muulize mtu aliyetoka kufanya mitihani ya sheria amefikia wapi, atakujibu kwa neno moja: nimemaliza. Amemaliza nini? Vipindi? Mitihani? Matokeo yametoka? Hana somo la kurudia? Ameapishwa? Kiswahili kinamruhusu kuyabeba yote hayo kwa -me- moja, na msikilizaji hujichagulia maana tamu kuliko zote. Msemaji hajatamka uongo wowote. Amenyamaza tu wakati mwenzake anajidanganya.

Kwenye kazi nyingine utata wa namna hii hupita na kusahaulika. Kwenye sheria haupiti, kwa kuwa njia yenyewe ina vituo vingi vinavyofanana majina, na kwa kuwa hii ni kazi inayokuuliza kwa fomu, wakati mwingine kwa kiapo, kama yote uliyowahi kuandika kuhusu masomo yako ni kweli. Anayefeli somo hucheleweshwa. Anayeficha kwamba amefeli anaweza kufungiwa mlango kabisa. Wengi wanaliogopa la kwanza na kulichezea la pili.

Tuvipite vituo vyenyewe.

Tanzania kuna shahada ya kwanza ya sheria, miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Baada yake kuna Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo karibu kila mtu huiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Hapo kuna darasa, kuna mafunzo ya vitendo mahakamani na kwenye ofisi za mawakili, kuna mitihani, na kuna sapu, yaani mitihani ya kurudia. Ukifaulu yote unatunukiwa stashahada ya uzamili. Bado hujawa wakili. Unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, yanachunguzwa, unakubaliwa, unaapishwa, jina lako linaingizwa kwenye orodha ya mawakili, halafu unakata leseni, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka.

Kenya mpangilio unafanana. Baada ya shahada kuna Kenya School of Law na mitihani inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria: masomo tisa, kila moja likiwa na alama 20 za kazi ya mradi, 20 za mtihani wa mdomo na 60 za karatasi ya maandishi, na ufaulu ni 50. Kuna miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Sheria ya Mawakili ya huko, Sura ya 16, kifungu cha 9, inataka vitu vitatu kwa pamoja: uwe umekubaliwa, jina liwe kwenye orodha, na leseni iwe hai. Pungukiwa na kimoja na huwezi kufanya kazi kama wakili, hata kama umeapishwa miaka 20 iliyopita.

England na Wales wamekuwa na mtihani mmoja wa mawakili wa kawaida, waitwao solicitor, tangu mwaka 2021. Hatua ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, yaliyogawanywa kwenye karatasi mbili. Hatua ya pili hupima kuandika, kumhoji mteja na kusimama mahakamani. Na kuna miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaotambulika. Una nafasi tatu za kila mtihani ndani ya miaka sita. Marekani mtu husoma kwanza shahada ya fani yoyote kwa miaka minne, hufanya mtihani wa kuingilia uitwao LSAT, husoma sheria miaka mitatu, kisha hufanya mtihani wa jimbo. Juu ya hayo huchunguzwa tabia, na uchunguzi huo ni mtihani kamili, ingawa hauna siku ya mtihani.

Ukivihesabu vituo hivi utakuta kati ya kuomba nafasi na kusimama mbele ya hakimu kuna vitenzi visivyopungua kumi: kuomba, kukubaliwa, kuripoti, kuhudhuria, kuahirisha, kufanya mtihani, kurudia, kufaulu, kutunukiwa, kuapishwa. Chumvi nyingi katika safari hii hutiwa kwa kukopa kitenzi cha kituo kinachofuata. Aliyeomba anasema amepata nafasi. Aliyepata nafasi anasema anasoma. Aliyefanya mtihani anasema amefaulu. Ni hatua moja tu mbele, na ndiyo maana haimsuti mtu: anajiambia kwamba mwezi ujao maneno yake yatakuwa kweli. Mwezi ujao matokeo yanatoka tofauti.

Majina nayo yanasaidia utata. "Mwanasheria" ni mwenye stashahada, ni mwenye shahada, ni afisa sheria wa wizara, na kwa wapambe ni hata mwanafunzi wa mwaka wa pili. "Wakili" ni mmoja tu. Na "wakili msomi", lile tamko la heshima la mahakamani, halihusiani kabisa na wingi wa vitabu alivyosoma mtu. Humfuata aliye kwenye orodha. Anayejiita hivyo kwenye mtandao wa kijamii kabla ya kuapishwa hajivuni tu: Tanzania na Kenya, kujifanya wakili ni kosa la jinai chini ya sheria za mawakili za nchi hizo.

Oktoba 2022 Watanzania wengi, hata wasio na ndugu kwenye fani hii, waliujua ugumu wa kituo kimoja cha njia hii. Matokeo ya Law School yalionyesha kuwa kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote ni 26. Wenye masomo ya kurudia walikuwa 342, na walioondolewa 265. Kukawa na kelele mitandaoni, na aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea.

Kelele zile zilifunika jambo moja. Hao 342, zaidi ya nusu ya wote, hawakuwa wameondolewa. Walikuwa na sapu, yaani walikuwa bado njiani. Waliosema "wamefaulu 26, wengine wote wamefeli" walitia chumvi pia, ila upande wa pili. Na chumvi ya upande huo huzaa ile ya upande huu. Mtu mwenye masomo mawili ya kurudia akishasikia nchi nzima inamhesabu kuwa amefeli, hataona faida ya kusema ukweli ulio katikati. Akipigiwa simu na anayemlipia ada atajibu "nimemaliza", au "matokeo bado", na matokeo ameshayaona. Jibu la tatu, "nina masomo mawili ya kurudia, mtihani ni mwezi fulani", ndilo pekee ambalo hatahitaji kukumbuka alimwambia nani. Lakini ndilo ambalo mazingira yamelifanya liwe ghali.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoiona tabia hii kuwa ni maradhi ya vijana tu. Vyuo vyenyewe vimewahi kukamatwa. Mwaka 2011 ilibainika kwamba kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilikuwa kikitangaza wastani wa alama za wanafunzi wapya uliopandishwa, kwa miaka kadhaa mfululizo, ili kionekane bora kwenye orodha za kulinganisha vyuo. Mwaka 2012 Chama cha Mawakili cha Marekani kilikikemea hadharani na kukitoza faini ya dola 250,000. Chuo cha Villanova nacho kilikiri kosa la aina hiyohiyo mwaka 2011. Walimu wa maadili ya uwakili walikuwa wakifundisha kwenye majengo hayohayo.

Chukua sasa mfano unaojulikana kuliko yote. Aprili 1987 Joe Biden, wakati huo seneta anayewania kuteuliwa kugombea urais, aliulizwa na mpiga kura katika jimbo la New Hampshire alisoma sheria wapi na alifanyaje. Akajibu kwa hasira kwamba alisoma kwa ufadhili kamili wa kitaaluma, kwamba alimaliza kwenye nusu ya juu ya darasa, na kwamba chuo cha kwanza alitoka na shahada tatu. Kumbukumbu zilionyesha vingine: ufadhili wake Chuo Kikuu cha Syracuse, aliposomea sheria, ulikuwa wa sehemu na ulitolewa kwa kuangalia uwezo wa kifedha, mwaka 1968 alimaliza akiwa wa 76 kati ya 85, na shahada ya kwanza ilikuwa moja, yenye masomo makuu mawili. Habari hizo zilitoka Septemba mwaka huohuo, zikachanganyika na lawama kubwa zaidi za kutumia maneno ya hotuba ya mwanasiasa wa Uingereza, na tarehe 23 alijitoa.

Kinachonivutia ni ile namba 76. Haikumzuia kuwa wakili. Haikumzuia kuchaguliwa kuwa seneta mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 29. Kwa karibu miaka 20 ilikaa kwenye kabati la chuo bila kumdhuru mtu. Ikaanza kumdhuru siku alipoipamba. Na angalia ilivyopambwa: kila dai lilikuwa na punje ya ukweli. Ufadhili ulikuwepo. Shahada ilikuwepo, na masomo makuu yalikuwa zaidi ya moja. Hivi ndivyo chumvi ya kitaaluma inavyofanya kazi karibu siku zote. Ni nadra mtu kubuni chuo ambacho hakukanyaga. Anachofanya ni kupandisha cheo cha kitu alichonacho.

Mara nyingine mhusika hata hahitajiki, watu wanamvika wenyewe kilemba cha ukoka. Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, alichagua njia ambayo California inairuhusu, ya kusomea sheria ndani ya ofisi ya wakili bila kwenda chuo cha sheria. Mwaka 2021 alifaulu mtihani wa mwaka wa kwanza kwenye jaribio la nne, na yale matatu ya kufeli aliyasema mwenyewe. Mei 2025 alipomaliza miaka yake ya mafunzo, baadhi ya vichwa vya habari viliandika kwamba amehitimu chuo cha sheria. Hakuna chuo alichohitimu. Alikamilisha mafunzo ya ofisini, na mtihani wa jimbo ulikuwa bado mbele. Alipoufanya Julai mwaka huo hakufaulu, na hilo pia alilitangaza. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya umaarufu wake. Kwa hesabu ya vituo, yeye mwenyewe alikuwa sahihi kuliko waliomwandika.

Turudi kwa mwombaji asiye maarufu, kwenye sehemu ambazo chumvi huyeyuka. Ya kwanza ni miaka. Mtu alidahiliwa mwaka 2017, akarudia mwaka wa pili, akamaliza 2022. Kwenye wasifu wake anaandika "Shahada ya Sheria, 2018–2022", ili ionekane miaka minne safi. Lakini kwenye vyuo vingi namba ya usajili hubeba mwaka wa kudahiliwa, na namba hiyo imechapwa kwenye kila karatasi ya matokeo. Cheti cha kidato cha sita kinasema 2017. Sasa ule mwaka mmoja aliouficha lazima uende mahali, kwa hiyo anaujaza: "2017–2018, kujitolea katika ofisi ya mawakili". Ofisi ipi? Nani alikuwa msimamizi? Kosa la kurudia mwaka, ambalo lingeelezwa kwa mstari mmoja na kupita, limeshazaa uongo wa pili unaomhitaji mtu wa tatu wa kuuthibitisha.

Ya pili ni wastani wa alama. Kwenye mizani ya alama 5 inayotumika sana Tanzania, daraja la pili la juu huanzia 3.5 na la chini hukomea 3.4. Nukta moja hiyo hutenganisha watu wanaoitwa kwenye usaili na wasioitwa, na hapo ndipo mkono huteleza. Mtu mwenye 3.4 huandika "takriban 3.5". Neno takriban halina kazi kwenye wastani wa alama, chuo kimeshakokotoa. Kuna pia hila tulivu ya kuandika namba bila mizani. 3.8 kati ya 5 ni matokeo mazuri ya daraja la pili. 3.8 kati ya 4 ni jambo jingine kabisa. Anayeomba nafasi nje ya nchi na kuandika 3.8 peke yake, akijua msomaji wake anatumia mizani ya 4, amedanganya kwa kunyamaza. Andika 3.8/5.0. Herufi hizo chache za ziada hazichukui nafasi.

Ya tatu, na hii ndiyo inayowashangaza wengi, ni kwamba fomu zako za zamani husomwa tena. Waombaji wa vyuo vya sheria Marekani hawapeleki karatasi za matokeo kwa mikono yao. Vyuo walivyosoma huzituma moja kwa moja kwenye mfumo wa pamoja wa maombi, na wastani hukokotolewa upya humo, masomo ya kurudia yakiwemo kwa kanuni zake. Baadaye, wanaochunguza tabia za waombaji wa uwakili wanaweza kuitisha fomu ambayo mtu alijaza miaka minne iliyopita alipoomba chuo, wailinganishe na ile aliyojaza sasa. Mwombaji ameshasahau alichoandika. Karatasi haijasahau. Kanuni za kielelezo za maadili za Chama cha Mawakili cha Marekani, kanuni ya 8.1, zinamkataza mwombaji kusema uongo wa makusudi juu ya jambo la msingi, na zinamkataza pia kuacha kufichua jambo linalohitajika kuondoa dhana potofu anayoijua. Soma sehemu hiyo ya mwisho mara mbili: kunyamaza wakati mwenzako anajidanganya kumetajwa kwa jina.

England mwaka 2014 wakili mmoja wa ngazi ya barrister, yaani wa kusimama mahakamani, alisimamishwa kazi miaka mitatu kwa kujipachika digrii za Oxford na Harvard ambazo hakuwa nazo. Alikuwa ameshafika juu kabisa, ana cheo kwenye kampuni kubwa, na shahada yake halisi ilikuwa nzuri tu ya chuo kingine cha heshima. Chumvi ile haikumpa kazi yoyote aliyoshindwa kuifanya. Ilimsubiri tu.

Kuna chumvi nyingine ambayo haimwendei mtu yeyote, nayo ndiyo huanza mapema kuliko zote: ile ambayo msomaji hujitilia mwenyewe. LSAT ya sasa, tangu Agosti 2024, ina sehemu nne za dakika 35, tatu zinahesabiwa na moja haihesabiwi, na mtahiniwa hajui ni ipi. Alama huanzia 120 hadi 180. Sasa mtu anafanya mazoezi nyumbani: sehemu moja asubuhi, nyingine jioni, saa inasimama akienda kupokea simu, na swali aliloliona juzi analihesabu kuwa amelipata. Anajumlisha, anapata 165, anawaambia wenzake "napiga 165". Siku ya mtihani anapata 155. Hajarogwa. Namba ya kwanza haikuwa alama ya mtihani. Ilikuwa alama ya maswali aliyoyajibu kwa nafasi. Ni hivyohivyo kwa anayejiandaa na yale maswali 360 ya England akijipima maswali 20 kwa siku, na kwa wa Nairobi anayeandika hati ya madai huku kitabu cha mifano kiko wazi pembeni. Zoezi linalostahili kuitwa alama ni lile la karatasi mpya, kwa mkupuo mmoja, kwa saa isiyosimama, na kusahihishwa na mtu mwingine au kwa mwongozo rasmi. Mengine yote ni kujifunza, na kujifunza hakuna alama.

Madhara yake huonekana kabla hata ya mtihani. Ukishawaambia kundi lako la kujisomea kwamba somo la mashauri ya madai umelimaliza, hutauliza tena tofauti ya amri ya mahakama inayokatiwa rufaa kwa haki na ile inayohitaji ruhusa. Mficha uchi hazai. Wanaorudia masomo mara tatu mara nne si lazima wawe na akili nzito kuliko wenzao. Mara nyingi ni wale waliotangaza mapema kwamba wanaelewa, wakajifungia njia ya kuuliza.

Sasa maneno yenyewe. Wasifu wa mtu aliye njiani unaweza kuandikwa kwa usahihi na bado ukavutia. Anayesubiri matokeo aandike: "Mafunzo ya uanasheria kwa vitendo: masomo na mitihani imekamilika, matokeo yanasubiriwa." Mwenye sapu: "Mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, yanaendelea." Halazimiki kuorodhesha masomo aliyofeli kwenye karatasi ya kuombea kazi, analazimika kutosema yameisha, na akiulizwa kwenye usaili ataje idadi na tarehe ya kurudia. Aliyeahirisha aseme ameahirisha, tangu lini na hadi lini. Kuahirisha si kuacha, na kuacha si kuondolewa, na ofisi ya udahili ina faili tofauti kwa kila kimoja. Aliyefaulu yote na hajaapishwa aandike "nimehitimu, nasubiri kuapishwa". Huyu wa mwisho ndiye mwenye kishawishi kikubwa, maana amebakiza hatua moja na kila mtu ameshaanza kumwita wakili. Akiitwa, asahihishe. Akiandika barua ya kisheria kwa mteja kwa jina hilo, ameingia kwenye jinai wiki chache kabla ya kiapo.

Anayetaka kuajiri au kumpa mtu kesi naye ana wajibu wake. Tanzania, hadhi ya wakili hutafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kenya chama cha mawakili kina ukurasa wa kutafuta. Shahada ya nje ya nchi inatambuliwa Tanzania kupitia Tume ya Vyuo Vikuu. Ukaguzi wa dakika tano ungezuia aibu nyingi ambazo baadaye huandikwa kana kwamba ni ujanja wa ajabu.

Na aliyeshaandika chumvi? Hapa kuna kesi ya kusoma kwa makini. Stephen Glass alikuwa mwandishi wa jarida la The New Republic aliyefukuzwa mwaka 1998 baada ya kubainika amebuni habari nyingi. Alisomea sheria Georgetown, akafaulu mtihani wa uwakili wa New York, akaomba kukubaliwa. Kwenye maombi alieleza makosa yake, akaongeza kwamba alishirikiana na majarida husika kubaini yaliyo ya kweli na yaliyo ya uongo katika habari zake zote. Hakuwa amefanya hivyo kwa kiwango hicho. Alipoarifiwa kuwa angekataliwa aliondoa maombi mwaka 2004, akahamia California, akafaulu na mtihani wa huko. Januari 2014 Mahakama ya Juu ya California ilimkatalia kwa kauli moja. Uongo wa ujana ungeweza kusameheka; majaji walikwama sana kwenye yale ya baadaye, kwamba hata toba yenyewe aliitia chumvi, na orodha kamili ya habari alizobuni ilipatikana miaka mingi baadaye, akiwa mbele ya wachunguzi.

Mweke pembeni ya Tarra Simmons wa jimbo la Washington. Yeye alikuwa na rekodi ya jinai na alishafungwa. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Seattle mwaka 2017, bodi ikamnyima ruhusa ya kufanya mtihani, akakata rufaa. Novemba mwaka huo majaji wote wa Mahakama ya Juu ya jimbo waliamua aruhusiwe. Kilichokuwa mezani kilikuwa kizito kuliko habari za kubuni, ila chote kilikuwa mezani.

Kwa hiyo anayesahihisha asahihishe kwa ukamilifu, na mapema, kabla swali halijamfikia. Barua ni ya ukurasa mmoja. Anamwandikia msajili au ofisi ya udahili akitaja fomu, tarehe na kipengele. Ananukuu maneno aliyoandika kama yalivyo. Chini yake anaandika ukweli, kwa namba na tarehe, na kuambatisha karatasi ya matokeo. Kisha sentensi moja ya sababu, bila kumtaja mzazi, ugonjwa au mfumo wa kompyuta isipokuwa kama kuna nyaraka. Asiseme "kuna makosa madogo"; ukubwa wa kosa huamuliwa na anayesoma. Kama kuna fomu nyingine mbili zenye dai lilelile, azitaje zote kwenye barua hiyohiyo, maana ikipatikana ya tatu ambayo hakuitaja, barua nzima itasomwa upya kwa jicho jingine. Apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwake. Fomu ya kuombea uwakili ikiuliza kama amewahi kurekebisha taarifa zake za masomo, ataandika ndiyo na kuambatisha nakala hiyo.